Kutoka jedwali la parokia hadi kompyuta ya bima

Kitongoji cha Fisksätra kimo katika manispaa ya Nacka, mashariki mwa Stockholm. Kilijengwa miaka ya 1970, na katika maghorofa yake wanaishi watu wenye asili ya mataifa mengi. Wazazi wa hapa, kama wenzao kote Sweden, wana haki moja iliyoanza mwaka 1974: mtoto aliye chini ya miaka 12 akiugua, mzazi hubaki nyumbani kumuuguza na hulipwa karibu asilimia 80 ya kipato chake na Shirika la Bima ya Jamii, Försäkringskassan.

Lakini msikilizaji, ni nani huamua kwamba dai la mzazi huyu lilipwe bila maswali, na la yule lichunguzwe? Kwa miaka mingi sehemu ya uamuzi huo iliachiwa kompyuta iliyokisia nani huenda anadanganya.

Kukisia huko kuna historia ndefu, na sehemu yake ilianzia Sweden kwenyewe. Mwaka 1749 serikali iliagiza wachungaji wa parokia wakusanye takwimu za waliozaliwa na waliofariki. Kutokana na takwimu hizo, mwaka 1766 mtaalamu wa elimu ya nyota Pehr Wargentin alichapisha majedwali ya vifo ya taifa zima. Jedwali la namna hiyo laweza kukadiria ni wangapi kati ya watu elfu moja watakufa mwaka huu. Haliwezi kusema ni nani. Kwa mwenye kampuni ya bima hilo lilitosha, kwani alichohitaji ni kujua kiasi cha kuweka akiba.

Hatari huanza pale hesabu ya wengi inapogeuzwa kuwa hukumu ya mmoja. Mwaka 1896 Frederick Hoffman, mtakwimu wa kampuni ya bima ya Prudential nchini Marekani, alitoa kitabu kilichodai kwamba vifo vingi vya Wamarekani weusi vilitokana na asili yao, hivyo hawafai kukatiwa bima. Mwaka uliofuata Kelly Miller, mwanahisabati mweusi wa Chuo Kikuu cha Howard, alimjibu kwamba takwimu hizo zilionyesha hali ya maisha, si asili ya watu.

Turudi Sweden. Kompyuta ya bima ya jamii iliwapa waombaji alama, na waliopata alama za juu walipelekwa kwa wachunguzi. Mwaka 2018 taasisi inayokagua bima ya jamii ilionya kwamba mfumo huo, kwa jinsi ulivyokuwa, haukuwatendea watu kwa usawa. Novemba 2024 gazeti la Svenska Dagbladet na shirika la Lighthouse Reports walichapisha uchunguzi wao: wanawake, watu wenye asili ya kigeni, wenye kipato kidogo na wasio na shahada walichaguliwa kupita kiasi, wakiwemo wasio na kosa lolote. Shirika la bima lilijitetea kwamba linafuata sheria, na likakataa kufichua undani wa mfumo kwa hofu ya kuwasaidia wadanganyifu.

Uholanzi ilikwisha kuonja uchungu huo. Maelfu ya wazazi waliotuhumiwa kimakosa walidaiwa kurudisha posho za malezi, na Januari 2021 serikali ilijiuzulu. Nchini Kenya nako, tangu Oktoba 2024, mchango wa bima ya afya kwa wasio na ajira rasmi hukadiriwa kutokana na maelezo ya kaya.

Udanganyifu upo, na fedha za umma hazina budi kulindwa. Lakini Waswahili husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Msemo huo unafaa kwa tenga la samaki. Mzazi wa Fisksätra aliyekesha na mtoto mwenye homa anastahili kupimwa kwa dai lake mwenyewe, kuambiwa kwa nini anashukiwa, na kupewa nafasi ya kujibu.