Habari za Manamba: Watu Waliokodiwa kwa Muda

Wasikilizaji wetu, leo nataka kueleza habari za watu waliolima sehemu kubwa ya utajiri wa nchi hii, wala wakakosa kuitwa wenyeji mahali walipoulima. Watu hao ndio manamba, yaani wale waliochukuliwa kwa mkataba kutoka mbali kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro. Jina lenyewe latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya hesabu, kwa kuwa kila mmoja alipewa nambari yake. Baba yake alikuwa amempa jina. Shamba likampa nambari.

Mkonge si mmea wa asili wa nchi hii. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapita Hamburg, na ilipofika Tanga ni 62 tu iliyokuwa hai. Katika hiyo 62 yakatoka mashamba makubwa, hata kabla ya vita vya 1914 mkonge ulikuwa umekwisha kuwa bidhaa ya kwanza kwa thamani katika zile zilizopelekwa Ulaya.

Basi mkonge wataka watu wengi wa kazi mwaka mzima. Jani likatwe, mwiba wa nchani uondolewe, majani yafungwe vitita, yapelekwe kwenye korona kusagwa, kisha singa zioshwe, zianikwe juani na kupigwa brashi. Wenyeji wa Tanga na Usambara walikuwa na mashamba yao, wala hawakuona faida ya kuyaacha. Ndipo Serikali ya Kijerumani ilipotumia kodi, iliyoanzwa mwaka 1898, ili watu watafute fedha. Na huko Usambara kila mwanamume alipewa kadi ya kumlazimu afanye kazi ya mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Asiyeitimiza aliweza kutiwa katika kazi za Serikali.

Waingereza walipoishika nchi, kodi ilibaki, na mwaka 1923 ikatolewa sheria ya mabwana na watumishi. Mtu aliyetia kidole chake katika mkataba, kisha akatoroka, hakudaiwa kama mdeni, bali alishtakiwa kama mkosaji. Jambo hili tulifikirie vema. Mwenye duka akishindwa kutimiza ahadi yake hudaiwa mali. Manamba akishindwa, aliweza kufungwa. Mwaka 1926 iliundwa Idara ya Kazi chini ya Bwana Orde Browne, ipate kuangalia makambi, vyakula na afya ya watu walio safarini; lakini bei za mazao zilipoanguka duniani, idara hiyo ilifungwa mwaka 1931, wakati ule ule wanyonge walipoihitaji zaidi.

Huko shambani hesabu ilikuwa ya kipande. Kipande ni kadi yenye nafasi 30, na kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Mshahara ulilipwa kipande kilipojaa, na kwa desturi kilipaswa kujazwa ndani ya siku 42. Mnyapara alipoikataa kazi ya siku ile, jasho lilikuwa limetoka, lakini nafasi ilibaki tupu.

Huenda msikilizaji akauliza, Je, mbona watu wengi walitoka Kasulu, Kibondo, Songea, Njombe na Singida, hata Urundi na ng'ambo ya mto Ruvuma, wala si Mbulu? Jawabu si kwamba watu wa Gehandu na upande wa Mlima Hanang walikuwa wavivu, wala kwamba Waha walipenda kutembea. Mwiraqw na Mbarbaig walikuwa na ng'ombe, na mwenye ng'ombe aliweza kuuza mmoja akalipa kodi bila kuondoka nyumbani. Tena waliotaka mshahara waliupata karibu, katika mashamba ya kahawa ya walowezi kule Oldeani, ambayo zamani zile yalikuwa katika wilaya ya Mbulu. Aliye na mali yake ana hiari ya kukataa. Aliyekosa reli, soko na zao la kuuza hakuwa na kitu cha kuuza ila mikono yake.

Vita vya pili vilipokuja, Wajapani waliteka Malaya, Filipino na kisiwa cha Java mwaka 1942. Mpira na kamba za nchi zile zikakosekana, na macho yote yakageukia Tanganyika. Ndipo watu walipochukuliwa kwa amri, si kwa mkataba, wapelekwe katika mashamba. Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, Marekani ilipatana na Meksiko iletewe watu wa kulima na kuvuna kwa muda. Hao waliitwa kwa Kihispania "bracero", yaani watu wa mikono. Tazameni jinsi mambo yanavyofanana: huku mtu aliitwa kwa nambari, kule aliitwa kwa mikono yake. Mpango ule wa Marekani uliendelea hata mwisho wa mwaka 1964, na mikataba yake yapata milioni 4 na nusu. Katika miaka ya kwanza sehemu moja katika kumi ya mshahara iliwekwa akiba, na wengi hawakuiona tena.

Kwetu, wenye mashamba ya mkonge waliunda mwaka 1944 ofisi yao ya kuandika watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Wajumbe wake walikwenda katika nchi za mbali. Watu wakapimwa na mganga, wakapewa blanketi, wakachukuliwa kwa magari na reli hata kambi ya Korogwe, wakagawanywa huko. Haki yapasa kusema kwamba safari hiyo ilikuwa nafuu kuliko kutembea kwa miguu, na baadaye wengi waliweza kuwachukua wake na watoto. SILABU ikadumu hata mwaka 1965. Baada yake bei ya mkonge ilishuka, kwa sababu kamba za viwandani zilishika soko, na mwaka 1967 mashamba mengi yakatwaliwa na Serikali.

Sasa tupime jambo hili. Wenye mashamba walisema kwamba mtu wa muda hugharimu kidogo. Ni kweli, lakini gharama haikupotea. Ililipwa na mwingine. Mshahara ulipimwa kwa mtu mmoja, kwa kuwa jembe la mkewe huko Kasulu lililisha watoto, na alipougua au kuzeeka, ukoo wake ndio uliomtunza. Hivyo kijiji maskini kililisaidia shamba tajiri, wala hakuna daftari lililoandika deni hilo.

Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake mgeni akishika jembe huwa mmoja wa nyumba. Manamba walipewa jembe siku ya kwanza, wala hawakuhesabiwa kuwa watu wa nyumba. Lakini wengi walikaa. Leo katika vijiji vya Muheza na Korogwe wako wajukuu wa Waha, Wabena, Wanyamwezi na Wamakonde, nao ni wenyeji kama wengine.

Hata sasa mataifa mengi huandika wageni wa kulima kwa muda, na vijana wetu huahidiwa kazi za namna hiyo. Msikilizaji akiletewa karatasi ya mkataba, na asiulize mshahara tu. Aulize pia: Nikidhulumiwa, naweza kuondoka bila kuwa mkosaji? Nikiugua, ni nani atakayeniuguza? Manamba hawakuwa na nafasi ya kuuliza hayo. Sisi tunayo.