Safari moja kwa seva

Leo tuangalie GraphQL ilikotoka.

Mwaka 2012 Facebook walikuwa wakiandika upya programu yao ya iPhone. Habari moja tu ilihitaji mwandishi, picha, maoni na waliopenda. Ukiomba kila kimoja kivyake kwenye mtandao dhaifu, mtu wa simu atangoja mpaka achoke. Lee Byron, Nick Schrock na Dan Schafer wakaunda lugha ya maombi: simu inataja yote inayotaka mara moja, seva inakusanya na kurudisha jibu moja. Mwaka 2015 wakaitoa bure kwa wote.

Lakini mzigo haukuisha, ulihamia kwa seva. Huduma moja ikikwama, je, utangoja au utarudisha ulichopata? GraphQL inaruhusu jibu nusu, likiambatana na orodha ya makosa. Amua mapema, mwenzangu.