Katharine Hepburn, "The African Queen" na Vita vya Wajerumani katika Nchi ya Manyoni

Filamu ya wasifu ni namna ya tarehe. Kama kitabu cha tarehe, huchagua la kuhifadhi na la kuacha, na aliyeachwa nje huonekana kana kwamba hakuwapo. Mfano wa jambo hili ni "Katharine Hepburn: All About Me", filamu iliyotolewa Marekani mwaka 1993, ambamo mwigizaji huyo, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 80, asimulia maisha na kazi yake kwa kinywa chake mwenyewe. Hepburn alizaliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1907, akafa mwaka 2003. Alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike mara 4, ya mwisho kwa sinema ya "On Golden Pond" ya mwaka 1981. Katika maisha marefu kama hayo iko sura moja inayowahusu watu wa Afrika Mashariki kwa karibu, nayo ni ya mwaka 1951, alipoigiza katika "The African Queen".

Sinema hiyo iliongozwa na John Huston, na msingi wake ni riwaya ya C. S. Forester iliyochapishwa mwaka 1935. Hadithi yaanza mwaka 1914 katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, ambalo sehemu yake kubwa ilikuja kuitwa Tanganyika. Askari wanaingia katika kijiji chenye misheni, wanachoma nyumba na kuwaswaga wenyeji. Mchungaji anakufa, na dada yake, Rose Sayer, ambaye ndiye Hepburn, anashuka mtoni pamoja na nahodha Charlie Allnut, ambaye ndiye Humphrey Bogart, kwa nia ya kuizamisha manowari ya Wajerumani ziwani. Tokea hapo hadithi ni ya watu wawili. Wanakijiji waliochukuliwa hawaulizwi tena walikopelekwa, walichokula, wala wangapi walirudi.

Sinema haikupigwa katika nchi inayosimuliwa. Sehemu yake ilipigwa kando ya mto Ruiki, karibu na Ponthierville, katika Kongo ya Wabelgiji. Sehemu nyingine Butiaba na maporomoko ya Murchison, Uganda. Na nyingine katika studio za Uingereza. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa lugha, Ponthierville si ugenini. Misafara ya akina Tippu Tip ilikwisha kukieneza Kiswahili katika bonde la juu la mto Kongo kabla ya karne ya 19 kwisha, nacho huko kikaitwa Kingwana. Basi sinema iliyosimulia vita vya koloni la Wajerumani ilipigwa katika nchi iliyoijua lugha ya askari na wapagazi wa vita hivyo. Lugha hiyo ilikuwa karibu na watengenezaji, lakini wenye kuisema hawakupewa nafasi ya kunena katika mwendo wa hadithi.

Taabu za waigizaji, kwa upande wake, zimehifadhiwa vema. Mwaka 1987 Hepburn alitoa kitabu kizima juu ya kazi hiyo. Yajulikana kwamba aliugua tumbo kwa sababu ya maji, na husimuliwa kwa mzaha kwamba Huston na Bogart walisalimika kwa kuwa walikunywa wiski badala yake. Taabu hizo zilikuwa za kweli, wala haifai kuzidharau. Lakini zilikuwa taabu za muda mfupi, za watu waliojua siku ya kurudi kwao.

Vita vyenyewe viliacha taabu ya namna nyingine, na mahali pamoja pa kuipimia ni Manyoni, katika Mkoa wa Singida wa leo. Reli ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, yapita Manyoni na Itigi. Kwa reli hiyo vipande vya meli "Graf von Götzen", iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, vilipelekwa Kigoma vikaungwa, na meli ikashushwa majini mwaka 1915. Ndiyo inayosemwa mara nyingi kuwa asili ya manowari ya Forester. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina la "Liemba".

Mwisho wa Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliifikia reli hiyo, yakatwaa Dodoma na boma la Kilimatinde. Wajerumani waliporudi nyuma walichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waingereza walipoingia walitaka vivyo hivyo, kwa kuwa vita vilihamia kusini na mizigo ilikwenda kwa vichwa vya watu. Mashamba yakakosa mikono, maghala yakakosa akiba, na mvua zilipokosekana hapakuwa na kitu cha kujisitiri. Njaa iliyoikumba Ugogo, pamoja na nchi ya Manyoni, tangu mwaka 1917 hata 1920, yakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 30,000, yaani karibu mmoja katika kila watano.

Wagogo waliipa njaa hiyo jina la Mtunya, nalo hufasiriwa kuwa ni kunyang'anyana. Jina hili lastahili kutazamwa sana. Halitaji ukame, wala adhabu ya mbinguni. Lataja tendo la mtu kwa mtu. Wanatarehe waliopekua majalada ya serikali miaka mingi baadaye walifikia fikira iyo hiyo, kwamba mvua peke yake haikuwa sababu. Kiswahili nacho kina ushahidi wake: Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, ni tamko la Kiswahili la jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Hapana budi kazi iendelee kutoka hapo. Walioishi wakati wa Mtunya wamekwisha kufa, lakini masimulizi hurithiwa, na majina ya miaka ya njaa hudumu vinywani mwa wajukuu. Wenye kuchunguza Kigogo, Kinyaturu na Kinyiramba yawapasa kuyakusanya pamoja na maelezo yake, kijiji kwa kijiji, na kuyahifadhi kwa sauti na kwa maandishi. Filamu ya mwaka 1993 yaonyesha faida ya kumwachia mtu aseme habari zake kwa kinywa chake. Heshima hiyo aliyopewa Hepburn yawastahili pia watu wa Manyoni.