Kiti cha biro: ni nani alistahili kukaa vizuri?

Wengi kati yetu sasa tunatumika ku nyumba. Tunaandika ripoti za proje, tunajaza hesabu mu ordinatere, tunatafuta kazi, na yote hii tunaifanya ku kiti cha plastiki kuanzia asubui mpaka usiku. Mgongo ukiuma, watu wanasema: "Utazoea." Ukisema unataka kununua kiti cha biro, wanakucheka: "Tayari umekuwa direktere?" Kicheko hiki kiko na historia ndefu, na inafaa tuijue mbele ya kutoa feza.

Zamani kiti kilikuwa alama ya mamlaka. Neno "mwenyekiti" linaonyesha: mwenye kiti njo mwenye kuongoza. Hapa kwetu, wafalme wa Baluba walikuwa na viti vya mti vilivyochongwa, mwanamke akibeba kikao juu ya kichwa. Kazi ya kiti kile haikuwa kupumzisha mgongo, ilikuwa kuonyesha utawala.

Kiti cha kazi kilikuja mu karne ya 19. Charles Darwin aliweka magurudumu ku kiti chake, kusudi atembee haraka kati ya vitu alivyokuwa anachunguza mu chumba chake. Mu 1849, Thomas Warren wa Marekani alitengeneza kiti chenye kuzunguka na kuinama pamoja na mwili, juu ya springi za chuma. Mu 1851 kilionyeshwa ku maonyesho makubwa ya London. Basi, ufundi wa kukaa vizuri ulijulikana tangu zamani. Kilichobakia ni kujua ni nani atapewa.

Mu biro nyingi jibu lilikuwa wazi: mkubwa alipata kiti kirefu chenye mikono, sekretere akapata kidogo. Mu miaka ya 1930 Frank Lloyd Wright alichora kwa ajili ya kampuni ya Johnson, kule Racine, kiti chenye miguu mitatu. Mfanyakazi asipokaa sawasawa, miguu yote miwili chini, kiti kinaanguka naye. Nyuma waliongeza mguu wa ine.

Sisi wa agronomi tunajua hadisi ya namna hii. Kule California, vibarua walilima masaa mengi na jembe la mpini mufupi, migongo ikaharibika, mpaka mu 1975 tribinali kuu ya jimbo ikakata kesi kwa faida yao. Hakuna aliyesema walime kidogo. Walisema tu mpini ufuate mwili wa mulimaji.

Ku viti nako wazo hilo lilifika. Mu 1948 daktari wa Sweden, Bengt Åkerblom, aliandika juu ya kusimama na kukaa, akaonyesha kwamba mgongo wa chini unaomba kuegemezwa. Mu 1994 Bill Stumpf na Don Chadwick walitoa kiti Aeron mu vipimo vitatu, sawa vile viatu vinavyokuwa na namba. Lakini mu 1972 Mufaransa Henry Massonnet alikuwa ametoa kiti cha plastiki cha kipande kimoja. Njo ndugu ya kile tunachokalia leo: bei nafuu, chepesi, kinaoshwa na maji. Kwa matanga na ndoa kinafaa sana. Lakini kiko na kipimo kimoja kwa wote, na kwa masaa nane ku meza mwili njo unalazimishwa kukifuata.

Kwa hiyo ukienda kununua, hata kile kilichotumika, usiangalie ngozi inayongaa. Kaa, nyayo zifike chini zote. Mgongo wa chini uguse kiegemeo. Viko vya mikono vilingane na meza, mabega yasipande. Kikipanda na kushuka, vizuri zaidi. Kama feza haiko, fundi wa mbao anaweza kutengeneza kiti kulingana na urefu wa mguu wako, kutoka kisigino mpaka goti. Na hata leo, kikwembe kilichokunjwa nyuma ya kiuno na ubao chini ya miguu vinasaidia.

Mgongo hauulize kama wewe ni direktere ao stajiere. Anayetumika masaa mengi anastahili kukaa vizuri, bila kungojea kupanda cheo. Wewe unakalia nini? Tuambiane.