Sindano Isiyo na Dawa

Mwaka jana nililala kifudifudi kwenye kitanda cha mtaalamu wa fiziotherapia, bega likiwa limekakamaa kwa wiki kadhaa za kusahihisha mitihani. Alinichoma sindano nyembamba isiyo na dawa. Msuli ukashtuka, kisha ukalegea. Nilikuwa nimeuliza bei. Sikuuliza alijifunzia wapi.

Tiba hii ina historia ya kutafakarisha. Mwaka 1938, mjini London, J. H. Kellgren aliingiza maji ya chumvi katika misuli ya watu na kuonyesha kwamba maumivu huweza kuhisiwa mbali na yanakoanzia. Nchini Marekani, Janet Travell alivitafuta vifundo vyenye maumivu ndani ya misuli na kuvichoma sindano ya ganzi. Miongoni mwa aliowatibu ni John F. Kennedy, ambaye alipoingia Ikulu mwaka 1961 alimteua kuwa daktari wake, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.

Mwaka 1979 Karel Lewit, daktari wa Prague, alihoji: je, kinachotibu ni dawa au ni sindano yenyewe? Kati ya sehemu 312 zilizochomwa kwa wagonjwa 241, takriban asilimia 87 zilipata nafuu papo hapo. Hakuwa na kundi la kulinganisha, hivyo hakuufunga mjadala. Lakini aliitenganisha sindano na dawa.

Hapo ndipo siasa ilipoingia. Wataalamu wa akupancha walisema hiyo ni tiba ya kale ya Wachina iliyobatizwa jina jipya. Wanafiziotherapia wakajibu kwamba yao imejengwa juu ya elimu ya misuli na neva. Nchini Marekani mgogoro ulifika mahakamani: mwaka 2014 mahakama moja katika jimbo la Washington iliwakatalia wanafiziotherapia, mwaka 2018 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya North Carolina ikawaruhusu.

Pande zote mbili zilidai kumtetea mgonjwa, nazo zilikuwa na soko la kulinda. Hatari, hata hivyo, ni ya kweli: sindano ikipita kiasi karibu na mbavu inaweza kutoboa pafu. Kwa hiyo, watumishi wa umma mnaotunga kanuni, swali la kwanza lisiwe tiba hii ni mali ya nani. Liwe lile ambalo mimi, na udaktari wangu wa falsafa, nilisahau kuliuliza: mkono unaoshika sindano umefundishwa nini, na nani ameuthibitisha?