Wawili Chini ya Mwavuli Mmoja

Tangu nimalize kidato cha nne mamangu hajawahi kuniuliza swali la vitabuni. Anajua tu kwamba naandika riwaya, na kwamba riwaya yenyewe haijaleta nyumbani hata kilo moja ya unga. Lakini jioni moja hapa kwetu Likoni alikuja akakaa mlangoni, akaniambia niweke kalamu chini. Dadangu mdogo, anayefanya kazi hotelini kule Diani, ameahidiwa na mgeni mmoja kwamba atalipiwa aruke kutoka kwenye ndege, futi elfu kumi juu ya bahari, akiwa amefungwa kifuani mwa mtu.

"Wewe ndiye msomi wa nyumba hii," mama akasema. "Nambie, hicho kitambaa kinashika au hakishiki? Na usinipe hadithi."

Ndugu msomaji, kazi ninayoijua ni hiyo hiyo ya hadithi. Hata hivyo niliiacha riwaya yangu kwenye sura ya saba nikaenda kusoma habari za miavuli, yaani maparachuti. Jambo la kwanza nililokutana nalo lilinikaba koo. Katika mruko huu wa watu wawili, ambao wenyewe huuita tandemu, abiria hachagui kitu. Hachagui mwavuli, hachagui mikanda, hachagui mtu aliyeukunja. Vyote vimeshachaguliwa kabla yeye hajafika. Basi nikajiuliza: vilichaguliwa na nani, na kwa bei gani?

Twende Paris, tarehe 22 Oktoba 1797. Kulikuwa na jamaa aitwaye André-Jacques Garnerin, ambaye alikuwa amewahi kufungwa Hungaria kama mateka wa vita, na humo gerezani ndimo alimoanza kuota kutoroka ukutani kwa mwavuli. Hakutoroka, aliachiliwa, lakini ndoto akatoka nayo. Siku hiyo, mbele ya umati katika bustani ya Monceau, aliingia kwenye kikapu kilichoning'inia chini ya puto la haidrojeni, mwavuli wake ukiwa umefumbwa kati ya kikapu na puto. Alipofika kama mita 1,000 akakata kamba. Puto likaenda zake, mwavuli ukafunguka, na kikapu kikaanza kubembea huku na huku kama ndoo kisimani. Watu chini wakapiga mayowe. Garnerin akatua mzima.

Kilichombembeza ni hewa. Ilijaa ndani ya mwavuli, ikakosa njia, ikawa inamwagika mara upande huu mara upande ule. Baadaye miavuli ikatobolewa tundu kileleni, hewa ikapata mlango, na mbembeo ukapungua. Hili nililipenda sana: kitu kilichoshonwa kuzuia hewa kinatulia pale kinapoiachia kidogo ipite.

Si kila mtu aliridhika na tundu. Mwingereza Robert Cocking alimwona Garnerin akiruka London mwaka 1802, na ule mbembeo ukamkaa kichwani miaka thelathini na mitano. Akaamua kwamba dawa ni kuugeuza mwavuli kichwa chini, uwe kama faneli. Tarehe 24 Julai 1837, akiwa na umri wa miaka 61, alipandishwa angani kwa puto kutoka Vauxhall, na chombo chake kilikuwa na uzito wa kilo mia na zaidi. Uzito huo, inasemekana, hakuupigia hesabu sawasawa. Alipojiachia, faneli ilivunjika njiani akafa. Hesabu ya uzito, msomaji! Nimeiweka hapa kwa sababu tutairudia watakapokuwa watu wawili.

Kwa fundi cherehani Franz Reichelt sitakaa sana. Alijishonea koti la kuwa mwavuli, na tarehe 4 Februari 1912 akajirusha nalo kutoka ghorofa ya kwanza ya mnara wa Eiffel, wakati waliompa ruhusa walitarajia arushe sanamu. Filamu ya kifo chake ipo mpaka leo. Niliitazama mara moja, basi.

Mpaka hapo wengi waliamini kwamba mtu akianguka bila kufungwa kamba kwenye chombo, atazirai kabla hajaweza kujifungulia mwavuli. Tarehe 28 Aprili 1919, katika uwanja wa McCook, jimbo la Ohio, Leslie Irvin aliruka kutoka kwenye ndege, akaanguka wazi wazi, kisha akavuta kishikio kwa mkono wake mwenyewe. Alivunjika kifundo cha mguu alipotua, lakini hoja yake ilisimama. Mtu hazirai. Kuanzia hapo mkono wa mwanadamu ukaingia katika hesabu, na mkono wa mwanadamu, tunaujua, hukosea. Ndiyo sababu warukaji walikuja kubeba miavuli miwili, mkuu na wa akiba. Miaka ya 1960 Domina Jalbert, mtu wa matiara, akaleta ule wa mstatili wenye vyumba vinavyojaa hewa kama godoro la kupuliza. Huo haushuki tu kama jani. Unaruka, unapinda kona, unafunga breki.

Lakini ukiwa na miavuli miwili una tatizo jipya. Ule mkuu ukifunguka vibaya, ukajisokota juu ya kichwa chako, huwezi kufungua wa akiba ukapanda kuingia kwenye fujo ile ile. Lazima kwanza uutupe mbovu. Zamani hilo lilihitaji kuhangaika na vifungo viwili, cha bega hili na cha lile, huku ardhi inakuja. Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani Bill Booth akabuni pete tatu. Pete kubwa iko kwenye mikanda ya mrukaji. Ya kati imepita ndani ya kubwa, ndogo imepita ndani ya ya kati, na hiyo ndogo imeshikwa na kitanzi cha uzi, kitanzi nacho kimezuiwa na waya laini. Kila pete inapunguza mzigo unaoifikia inayofuata, hata watu wazima wananing'inia hapo na kitanzi kinabeba uzito mdogo tu. Vuta kishikio kimoja, waya unatoka, pete za mabega yote mawili zinaachana, mwavuli mbovu unakwenda. Jamani, nilichora kitu hicho kwenye daftari mara nne ndipo nikakiamini.

Sasa tandemu yenyewe. Mwaka 1983 na 1984, kule Florida, huyu Booth na mwenzake Ted Strong, kila mmoja na karakana yake, walitengeneza mikanda ya kufunga mtu mbele ya mtu, kwa vifungo vinne, viwili mabegani na viwili nyongani. Wazo lilikuwa zuri: mgeni wa anga aende na mwenye kujua badala ya kusukumwa nje peke yake. Hapo hesabu ya Cocking ikarudi. Mtu mmoja akianguka tumbo chini hufika kama kilomita 190 kwa saa. Wawili waliogandana wana uzito maradufu, lakini kwa kuwa mmoja yuko mgongoni mwa mwenzake, upepo unawaona kama mtu mmoja. Kwa hiyo wanapita kilomita 270 kwa saa, na mwavuli ukifunguka kwa mwendo huo ni kipigo, kwa kitambaa na kwa shingo. Jibu likawa mwavuli mdogo wa breki, unaotupwa nyuma mara tu baada ya kutoka ndegeni, kuwarudisha kwenye mwendo wa mtu mmoja. Huo mdogo ndio baadaye unaovuta ule mkuu, kwenye futi 5,000 hivi, na mkuu wenyewe ni shuka kubwa la futi za mraba 350 na zaidi.

Na sheria je? Sheria ya Marekani ilitaka kila mrukaji awe na mikanda yake na miavuli yake miwili. Hawa walikuwa wawili kwa seti moja. Serikali ikawapa ruhusa maalumu mwaka 1984, kwa jina la majaribio, na majaribio hayo hayakwisha mpaka mwaka 2001, kanuni zilipobadilishwa. Hebu fikiri! Miaka kumi na saba, mabibi harusi, wastaafu, vijana wa siku ya kuzaliwa, wote wakitabasamu kwenye picha, na kisheria wote walikuwa ndani ya jaribio. Sijui kama nicheke au nikasirike. Ila lazima niseme kweli, ndani ya miaka hiyo ndimo kanuni zilimopatikana: mwalimu awe na miaka mitatu ya kuruka na miruko 500, mwavuli wa akiba ukunjwe na mwenye leseni, na uwe na kifaa cha kuufungua chenyewe.

Kifaa hicho ndicho kilichonipa usingizi. Mjerumani Helmut Cloth alitoa mashine yake, CYPRES, mwaka 1991. Ni kompyuta ndogo inayopima mgandamizo wa hewa. Ile ya tandemu, ikiona wako kama futi 1,900 na bado wanashuka zaidi ya mita 35 kwa sekunde, inakata kitanzi cha mwavuli wa akiba bila kumuuliza mtu. Mwalimu akizirai, akichanganyikiwa, yenyewe haina habari.

Nikamwambia mama: kinashika. Mara chache sana hakishiki, na kwa mara hizo wameweka cha pili, na cha kukifungua cha pili. Akanitazama. "Mara chache sana ni ngapi?" Sikuwa na jibu la kumpa mama.

Nilichofanya ni kumpigia dadangu simu nikampa maswali. Uliza kadi ya mwavuli wa akiba, ulikunjwa lini. Uliza kile kifaa kimewashwa au la. Waambie uzito wako wa kweli, wacha aibu. Mikanda ya mapaja isilegee hata kama inauma. "Kaka, nitaonekana mshamba," akasema. Nikamwambia aonekane.

Aliuliza. Mwalimu hakuudhika, akageuka akamwonyesha zile pete begani, akamtolea kadi: miezi miwili nyuma. Jumamosi ile nilisimama mchangani nikahesabu. Kitone kikawa viwili, kikawa shuka la buluu.

Jioni alipofika Likoni mama hakumuuliza habari za angani. Alimkalisha mkekani, akamshusha leso, akampapasa mabega polepole pale mikanda ilipoacha alama nyekundu, bega hili, kisha lile.