Tezi Ndogo Inayomnyamazisha Mkuu

Mwaka 1855 Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's mjini London, alichapisha kitabu chembamba kuhusu wagonjwa 11. Walikuwa wamelegea, mapigo ya moyo hafifu, chakula hakipiti, na ngozi yao ilizidi kuiva weusi usiotokana na jua. Maiti zilipopasuliwa, tezi mbili zinazokaa juu ya figo mithili ya kofia, yaani adrenali, zilikutwa zimeharibika, baadhi kwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, aliwaondolea wanyama tezi hizo, wakafa wote. Umuhimu wake ukajulikana. Ule weusi wa ngozi ukabaki kitendawili.

Karne ya 20 ilipoingia, macho yalihamia kichwani, kwenye tezi ya pituitari, iliyo ndogo kama njegere na inayoning'inia chini ya ubongo. Mwaka 1930 Philip Smith wa Marekani alionyesha kuwa panya akiondolewa pituitari, adrenali zake hunywea. Huko Montreal, mwaka 1936, Hans Selye aliripoti kuwa panya walioteswa kwa baridi, majeraha au sumu walivimba adrenali. Hesabu ikaonekana imekamilika: dhiki ikija, pituitari hutoa amri kwa homoni iitwayo ACTH, na adrenali hutii kwa kumwaga homoni zake, kotisoli ikiwa kuu kwa binadamu.

Methali hutuonya tumsikilize mkuu. Humu mwilini, mkuu naye humsikiliza mdogo. Mwaka 1937 Dwight Ingle na Edward Kendall waliwapa panya wazima dondoo nyingi ya adrenali, na adrenali za panya hao zikasinyaa. Homoni ilipojaa katika damu, pituitari ilikuwa imeacha kuamuru.

Je, hata wakati wa dhiki? George na Marion Sayers walijibu mwaka 1947 kwa kipimo cha ujanja. Adrenali huhifadhi vitamini C kwa wingi, na ikipokea ACTH akiba hiyo hushuka upesi. Waliwapa panya homoni za adrenali kwanza, kisha wakawatia dhikini. Vitamini haikushuka: pituitari ilikuwa imenyamaza. Tena, kadiri dhiki ilivyokuwa kali, ndivyo homoni nyingi zaidi zilivyohitajika kuinyamazisha.

Uzito wa elimu hiyo ulionekana hospitalini. Mwaka 1948 daktari Philip Hench alimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, mojawapo ya homoni za adrenali, na miaka miwili baadaye yeye, Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini mwaka 1952 madaktari waliripoti kifo cha mgonjwa aliyetumia kotisoni kwa miezi, akaachishwa, kisha akafanyiwa upasuaji. Dawa ilikuwa imeibembeleza pituitari hadi ikasahau kuita, na adrenali zikanywea kama zile za panya wa Ingle. Ndiyo maana leo anayemeza prednisoloni, dawa ya jamii hiyo hiyo, kwa muda mrefu huambiwa apunguze kidogo kidogo, asikate ghafla.

Juu ya pituitari kuna msemaji mwingine, haipothalamasi, ambayo homoni yake ya kuamsha ACTH ilibainishwa na Wylie Vale mwaka 1981. Kotisoli huwatuliza wote wawili. Hapo ndipo kitendawili cha Addison kilipoteguka: adrenali ikifa, hakuna wa kumtuliza mkuu, naye huita bila kukoma. Wito huo wa ACTH, pamoja na homoni nduguze zinazokatwa kutoka protini moja, huamsha chembe za rangi ya ngozi. Kwa mtu mweusi, daktari hutazama ufizi na mikunjo ya viganja.

Breki hii ya kotisoli huweza kulika. Tangu 1978 mtafiti Robert Sapolsky alikuwa akifuata nyani wa mbugani Kenya, akiwalaza kwa vishale vya dawa ya usingizi vilivyopulizwa kwa mrija, kisha akiwatoa damu. Madume wanyonge, wanaofukuzwa na kunyang'anywa kila uchao, walikuwa na kotisoli nyingi hata wakiwa wametulia. Alipowadunga deksamethasoni, dawa inayoiga kotisoli, homoni za wababe zilishuka vizuri. Za wanyonge zilishuka shingo upande. Mdogo alikuwa bado anasema "basi," ila mkuu alishazoea kelele.